TV mpya imeharibika: mwongozo kamili wa kudai haki yako kwa muuzaji, kuanzia Mwanjelwa (Mbeya) hadi Miyomboni (Iringa)

Mnunuzi wa TV mbovu mara nyingi hashindwi kwa kukosa haki. Anashindwa kwa sababu ndani ya siku chache za mwanzo amempa fundi wa mtaani aifungue, boksi limeshawashiwa jiko, na kila alichomwambia muuzaji amekisema kwa mdomo. Mwezi ukiisha, muuzaji anauliza maswali mawili tu: "Nani kaifungua?" na "Uliniambia lini?" Mnunuzi hana la kujibu.

Ndiyo maana hatua zilizo hapa zimepangwa kwa mfuatano. Wengi huruka za mwanzo na kukimbilia polisi au kwenye mahakama, kisha wanarudishwa nyuma kutafuta karatasi ambazo zingepatikana kwa urahisi siku ya kwanza.

## Kusanya hivi kwanza

- Risiti ya EFD, yaani ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Ina jina la muuzaji, TIN yake (namba ya mlipakodi), tarehe, saa, kiasi ulicholipa na namba ya uhakiki. Maandishi yake hutokea kwa joto, si kwa wino, hivyo hufifia, na hufifia upesi zaidi ikikaa juani. Ipige picha na uitoe fotokopi siku hiyo hiyo.
- Uthibitisho wa malipo. Ujumbe wa simu kama ulilipa kwa lipa namba, au karatasi ya benki. Usiufute hata kama risiti unayo.
- Kadi ya waranti. Iwe na muhuri wa duka, tarehe ya kuuza na serial namba. Kadi iliyoachwa wazi bila kujazwa haina nguvu. Irudishe dukani ijazwe.
- Boksi, foma zake, rimoti, miguu, skrubu na nyaya. Vitunze hadi waranti iishe.
- Serial namba. Iko kwenye stika mgongoni mwa TV na pia kwenye boksi. Piga picha zote mbili. Zisipolingana, andika hilo mapema, kwa sababu huenda umepewa TV iliyowahi kurudishwa na mteja mwingine.
- Vya kupimia: simu yenye kamera, tochi, flashi yenye video, waya wa HDMI wa kuazima na futi ya fundi cherehani.

Kama risiti hukupewa, rudi ukaidai leo kabla hujataja ubovu. Sheria ya kodi inamlazimu muuzaji kuitoa na mnunuzi kuidai. Ukishataja kwamba TV ni mbovu, kuipata huwa vigumu. Ukiipata, ihakiki kwenye tovuti ya TRA (Mamlaka ya Mapato) kwa namba ya uhakiki. Angalia pia kiasi: risiti ya shilingi 200,000 kwa TV uliyolipia 650,000 itakuumiza siku ya kurudishiwa pesa.

## Haki unayoisimamia

Sheria mbili ndizo zinazokubeba. Ya kwanza ni Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214. Inasema bidhaa anayoiuza mfanyabiashara lazima iwe na ubora unaofaa kuuzwa, ifae kwa kazi uliyoinunulia, na ilingane na maelezo iliyouzwa kwayo. Hata kama hamkutamka neno lolote kuhusu ubora, sharti hilo limo ndani ya mauziano yenu.

Ya pili ni Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC. Hii inakataza kumdanganya mlaji kuhusu ubora, aina au asili ya bidhaa, na inakataza pia kumdanganya kuhusu haki alizonazo.

Kwa hiyo kile kibandiko cha ukutani, "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi", kisikutishe. Kinamhusu mtu aliyebadili mawazo: alichukua inchi 50, akafika nyumbani akaona haienei kwenye kabati. Hakimhusu aliyeuziwa TV mbovu.

Jambo jingine la kushika ni kwamba mkataba wako ni na duka lililochukua pesa yako. Waranti ya kiwanda ni nyongeza juu ya haki hiyo. Ukiambiwa "Wasiliana na wakala wa Dar", unaweza kukubali kama inakurahisishia, lakini hulazimiki kuhangaika na mtu ambaye hukununua kwake.

Haki hiyo ina mipaka miwili. Kama uliikagua TV dukani, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ungeionyesha, mfano mkwaruzo mkubwa katikati ya kioo. Na ukikaa na TV kwa muda mrefu bila kusema neno, sheria inakuhesabu kuwa umeikubali. Hapo nafasi ya kuirudisha na kupewa pesa yako yote inapotea, unabaki na madai ya fidia ya ubovu tu. Sheria haitaji idadi ya siku, inasema muda unaofaa. Usiucheze muda huo. Toa taarifa siku uliyogundua.

## Hatua ya 1: Zima, chomoa, usifungue

Chomoa waya wa umeme na waya wa dishi. Usikibonyezebonyeze kioo, usiipige mgongoni, na usimruhusu yeyote kugusa skrubu, hata kama ni fundi unayemwamini.

Mgongoni, kwenye skrubu mojawapo, mara nyingi kuna kistika kidogo. Kikichanika, muuzaji anapata sababu ya kusema ubovu umeletwa na fundi wako, na kuthibitisha kinyume chake ni kazi ngumu sana. Fundi wa mtaani anaweza kukutengenezea kwa shilingi 40,000, lakini akishafungua unaweza kupoteza dai la TV nzima.

Umefanikiwa ukiwa na: TV iliyozimwa, yenye stika nzima, iliyosimamishwa wima mahali pakavu.

## Hatua ya 2: Hakikisha ni ubovu wa TV kweli

Malalamiko mengine hufa dukani kwa sababu tatizo lilikuwa dikoda, soketi au waya. Kama hakuna moshi, harufu ya kuungua wala kupigwa shoti, fanya majaribio haya. Kama kimojawapo kipo, usiwashe tena. Nenda hatua ya 3.

Haiwaki kabisa. Jaribu soketi nyingine ya ukutani moja kwa moja, bila ekstensheni. Angalia kitaa chekundu cha chini. Kama hakiwaki kwenye soketi mbili ambazo taa au chaja ya simu inafanya kazi, tatizo liko kwenye TV, mara nyingi kwenye ubao wa umeme.

Sauti ipo, picha hakuna. Zima taa za chumba, washa tochi, imulike karibu na kioo kwa pembe. Ukiona picha hafifu ikicheza, kioo kinafanya kazi ila taa za nyuma zimekufa. Usipoona kitu, tatizo liko kwenye kioo au saketi inayokilisha. Andika ulichokiona.

Mistari ya wima au nusu ya kioo kuwa nyeusi. Fungua menyu ya TV yenyewe. Mistari ikipita juu ya menyu, dikoda haihusiki. Mistari iliyonyooka bila ufa kwa kawaida hutokana na viungo vya kioo. Mistari inayotawanyika kama utando wa buibui kutoka sehemu moja ni alama ya kugongwa, na hapo swali linakuwa iligongwa lini na mikononi mwa nani.

Inajizima na kujiwasha, au inaganda kwenye nembo. Chomoa dikoda, flashi na kila kitu. Iache bila umeme dakika kumi, kisha uiwashe peke yake. Ikiendelea, ni programu au mazabodi.

"Hakuna signali." Badilisha waya wa HDMI, kisha badilisha tundu. Cheza video kutoka kwenye flashi. Video ikicheza vizuri, huenda TV ni nzima. Kwenye mabonde na nyuma ya milima yetu chaneli za antena hukatika hata kwa TV bora kabisa. Kukatika huko si ubovu, na lalamiko la kisimbuzi linakwenda kwa kampuni yake, kisha TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano), si kwa muuza TV.

Si kile ulichouziwa. Pima kioo chenyewe, bila fremu, kutoka kona hadi kona. Inchi 32 ni takribani sentimita 81. Inchi 43 ni 109. Inchi 50 ni 127. Inchi 55 ni 140. Ukubwa wa boksi hauthibitishi kitu. Kwenye mipangilio, fungua ukurasa wa taarifa za kifaa uone modeli. Ilingane na stika na boksi. TV iliyouzwa kama "smati" bila uwezo huo, au inchi 40 iliyobandikwa 43, ni dai zito kuliko ubovu wa kawaida, maana hapo kuna udanganyifu ndani yake.

Kwa waishio kwenye baridi kali, Njombe, Makete au Tukuyu, kuna jambo moja zaidi. TV iliyosafirishwa usiku ikaingizwa kwenye chumba chenye joto la jiko inaweza kuota unyevu ndani. Iache saa mbili hadi tatu kabla ya kuiwasha mara ya kwanza. Anayeiwasha papo hapo anaweza kuiua mwenyewe, na muuzaji akikuta dalili za maji ana hoja ya haki.

## Hatua ya 3: Rekodi ushahidi

Piga video moja isiyokatwa, ya dakika mbili au tatu. Anza na stika ya serial namba, zunguka TV yote kuonyesha kioo hakina ufa na stika ya skrubu ni nzima, onyesha soketi, washa, kisha onyesha tatizo. Taja tarehe kwa sauti.

Video isiyokatwa ina uzito kwa sababu haiachi nafasi ya kusema picha ya ubovu ni ya TV nyingine. Video ya sekunde kumi inayoonyesha mistari tu haimfungi mtu.

Kama TV imetoa moshi, plagi imeyeyuka au imempiga mtu shoti, usiwashe ili upate video. Piga picha za alama zilizopo. Tukio la namna hii lipeleke pia TBS (Shirika la Viwango), ambao wana ofisi ya kanda hapo Mbeya, kwa sababu ni suala la usalama na huenda TV nyingine za shehena hiyo zina hatari ile ile.

## Hatua ya 4: Mjulishe muuzaji kwa maandishi, siku hiyo hiyo

Piga simu ukitaka, lakini simu haitoshi. Tuma ujumbe wa WhatsApp au wa kawaida kwa namba ya duka. Usimtukane mtu, usitishie kitu. Mfano:

*"Habari za leo. Tarehe 4 nilinunua dukani kwenu TV ya inchi 43, serial namba (……), risiti namba (……), kwa shilingi 650,000. Leo tarehe 9 saa 2 usiku imeanza kuonyesha mistari ya wima upande wa kulia. Haijafunguliwa na haijaanguka. Nimeizima. Naomba maelekezo ya kuileta ikaguliwe, na naomba ibadilishwe au nirudishiwe pesa. Video nimeambatisha."*

Ujumbe huu unafanya kazi mbili: unasimamisha ile hoja ya "ulikaa nayo kimya", na unaweka kwenye kumbukumbu kwamba TV haikuguswa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa simu kupokelewa kama ushahidi. Usitegemee picha ya skrini peke yake. Tunza simu yenyewe ikiwa na mazungumzo yote, na usiyafute.

Umefanikiwa ukiwa na: jibu lolote la maandishi. Hata "sawa ilete" inatosha, maana inathibitisha kwamba amepokea.

## Hatua ya 5: Ipeleke kwa utaratibu, na usiondoke bila karatasi

Ifunge kwenye boksi lake na foma zake. Isafiri wima, kamwe isilazwe, kwa sababu kioo kikubwa kikilala hujipinda kwa kila tuta. Usipakize TV kwenye bodaboda. Kodi bajaji au kirikuu, na mtu mmoja akae nayo.

Kama umenunua Mbeya mjini na unaishi mbali, mfano Chunya au Kyela, kumbuka kwamba mnunuzi anayekataa bidhaa kwa sababu halali hawajibiki kuirudisha mwenyewe hadi kwa muuzaji, isipokuwa mmekubaliana hivyo. Kisheria inatosha kumjulisha kwamba umeikataa. Mara nyingi ni nafuu na haraka kuipeleka, lakini mwambie mapema, kwa maandishi, kwamba nauli ya TV utaidai, na tunza risiti za usafiri.

Dukani, iwasheni pamoja mbele ya mhudumu. Kisha dai karatasi ya mapokezi yenye mambo haya: jina la duka, tarehe, serial namba, ubovu kama mlivyouona, hali ya kioo ("hakina ufa"), vitu ulivyoacha, tarehe ya kupewa jibu, jina na sahihi ya aliyepokea, na muhuri. Kama hawana fomu, andika kwa mkono nakala mbili, kila upande asaini.

Hapa ndipo watu wa heshima huumia. Mtu anaona aibu kudai karatasi kwa sababu "huyu kaka tunafahamiana". Siku ya kuirudia anakuta mhudumu mwingine, TV ina ufa, na hakuna anayejua ufa ulitoka wapi. Karatasi inawalinda nyote wawili. Mwambie hivyo hivyo.

### Wakisema "umeme wako ndio umeiunguza"

Hili ndilo jibu litakalokukuta mara nyingi zaidi, na wakati mwingine ni kweli. Lichambueni pamoja.

Umeme wa majumbani nchini ni volti 230, na TV nyingi za sasa huandikwa mgongoni kwamba zinapokea kuanzia volti 100 hadi 240. Umeme ukipanda ghafla, kinachoungua kwanza kwa kawaida ni ubao wa umeme: fyuzi hukatika, kapasita huvimba, huonekana weusi, na TV haiwaki kabisa. TV inayowaka, yenye sauti safi, ila ina mistari au kona yenye giza, si rahisi kusema imeuawa na umeme.

Kwa hiyo usibishane kwa maneno. Omba mambo matatu: fundi wao aifungue mbele yako, akuonyeshe kilichoungua ukipige picha, na aandike maoni yake kwa jina na sahihi. Fundi anayejua anachosema ataandika. Anayekataa kuandika, mtaarifu muuzaji hilo kwa ujumbe: "Leo fundi amesema ni umeme, amekataa kuandika wala kuonyesha kilichoungua."

Na kama kweli siku hiyo umeme ulicheza na majirani nao wameunguliwa, muuzaji hana kosa. Ripoti TANESCO, chukua namba ya taarifa, orodhesha vifaa vya nyumba zote, na mkishindwana nenda EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Wakati wa mvua, hasa Rungwe ambako radi ni nyingi, chomoa waya wa dishi pamoja na plagi. Radi hupita kwenye vyote viwili.

## Hatua ya 6: Jua unachodai kabla ya kukaa mezani

Kuna mambo matatu: kutengenezewa, kubadilishiwa, kurudishiwa pesa.

Ubovu ukijitokeza ndani ya siku chache, simama kwenye kubadilishiwa au pesa. Kioo kilichoharibika usikubali kitengenezwe. Bei ya kioo hukaribia bei ya TV nzima, na anayeahidi kukitengeneza mara nyingi anatafuta muda. Taa za nyuma au programu zinatengenezeka vizuri, hivyo ukiwa umeshakaa nayo miezi kadhaa matengenezo ni suluhu ya haki.

Ukikubali matengenezo, andikeni masharti: yasizidi siku 14, bila malipo, na siku ambazo TV iko kwao zisihesabiwe kwenye waranti. Andikeni pia kwamba ubovu ule ule ukirudi, unabadilishiwa.

Muuzaji akikupa TV ya aina nyingine "uongeze kidogo", huo ni mkataba mpya. Hulazimiki kuongeza hata shilingi. Ukiutaka, risiti mpya ionyeshe bei kamili na serial namba mpya.

## Hatua ya 7: Barua ya madai

Siku saba zikipita bila jibu la maana, andika barua. Ukurasa mmoja unatosha, uwe na vichwa hivi:

1. Jina lako, anuani, simu na tarehe. Chini yake jina la muuzaji kama lilivyo kwenye risiti.
2. Kilichonunuliwa: aina, serial namba, bei, tarehe, namba ya risiti.
3. Ubovu na tarehe ulipoonekana.
4. Orodha ya mawasiliano: tarehe ya ujumbe, tarehe ya kuipeleka, majibu uliyopewa.
5. Unachodai kwa kiasi kamili: "Nirudishiwe shilingi 650,000 na nauli ya shilingi 30,000."
6. Muda: siku 14 kuanzia barua kupokelewa.
7. Hatua utakayochukua: lalamiko FCC na madai Mahakama ya Mwanzo.

Toa nakala tatu. Moja wabaki nayo, ya pili wagonge muhuri na kusaini kwamba wamepokea, ya tatu ni akiba. Wakikataa kusaini, tuma kwa njia ya rejista posta na pia picha yake kwa WhatsApp.

Usiweke vitisho vya kumchafua mtandaoni. Wengi huanza na video ya kumtukana muuzaji, kisha wao ndio wanageuka washtakiwa.

Migogoro mingi humalizika hapa. Mwenye duka akiona tarehe, namba na muhuri wake mwenyewe kwenye karatasi, anajua unachofanya.

## Hatua ya 8: Ngazi za nje ya duka

Ukitaka usuluhishi wa karibu, anza na Afisa Biashara wa halmashauri yako. Ofisi yake inashughulika na leseni za biashara, na wito wake mfanyabiashara hupenda kuuitikia. Ni hatua ya hiari.

FCC ndiyo ngazi kuu. Ofisi yake ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya. Peleka lalamiko la maandishi likiwa na nakala za kila kitu: risiti, kadi ya waranti, picha za serial namba, ujumbe, karatasi ya mapokezi, maoni ya fundi na barua ya madai. Nakala, si halisi. Panga kwa tarehe na uzipe namba. Lalamiko likihusu udanganyifu, kama ukubwa wa uongo au jina la kampuni lililobandikwa kwenye TV bandia, litaje waziwazi mwanzoni, kwa sababu FCC ndiyo inayosimamia pia vita dhidi ya bidhaa bandia.

Polisi ni kwa ajili ya utapeli: mtu amepokea pesa na hakuna duka, au ametumia jina la uongo. TV iliyoharibika ni mgogoro wa mkataba, na polisi si wakusanya madeni. Ukimpeleka muuzaji wa kawaida kituoni unapoteza muda na unaharibu mazungumzo.

## Hatua ya 9: Mahakama ya Mwanzo

Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai yanayotokana na mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, hivyo TV yoyote ya nyumbani inaingia. Shauri linakwenda kwa Kiswahili. Fungua mahali muuzaji anapofanyia biashara.

Kosa linalorudisha watu nyuma ni kumshtaki asiyehusika. Usimshtaki mhudumu, wala jina la bango la duka. Angalia jina kwenye risiti ya EFD. Kama ni kampuni, mdaiwa ni kampuni. Kama ni jina la biashara, tafuta mmiliki wake kwa kumbukumbu za BRELA (wakala wa usajili wa biashara) na umtaje yeye.

Karani atakupokelea madai, utalipa ada, na muuzaji atapelekewa samansi (wito wa mahakama). Siku ya kusikilizwa nenda na nyaraka halisi, simu yenye ujumbe, na shahidi mmoja aliyeona TV ikiharibika. Eleza kwa mfuatano wa tarehe: nilinunua, niliwasha, niliona, niliwaambia, nilipeleka, walijibu. Hakimu anahitaji mfuatano huo kuliko hasira yako. Omba bei, nauli na gharama za shauri.

Asiyeridhika anakata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Ukishinda na muuzaji asilipe, rudi uombe kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe kulipa. Pesa haiji yenyewe kwa sababu hukumu imesomwa.

## Kama TV imetoka Kariakoo kwa basi

Wengi wa Iringa, Makambako na Mbeya huagiza kwa picha za mtandaoni, wanalipa, TV inapandishwa basi. Hapa kuna watu wawili wanaoweza kuwajibika, na wote watarushiana mpira.

Kabla ya kulipa, dai picha ya serial namba, video ya TV ikiwaka siku ya kutuma, na risiti ya EFD ndani ya boksi. Andikeni nani anabeba hasara ikivunjika njiani. Msipoandika, muuzaji atadai kazi yake iliisha alipoikabidhi basi.

Stendi, usisaini kupokea kabla ya kuangalia. Kagua kona za boksi, lifungue mbele ya wakala wa mizigo ukipiga video, mulika kioo kwa tochi kutafuta ufa. Ukiukuta, andika kwenye risiti ya mzigo: "Imepokelewa ikiwa na ufa kona ya kushoto", wakala asaini. Basi likikataa kuwajibika, lalamiko linakwenda LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Kioo kikiwa kizima lakini TV haiwaki, dai ni la muuzaji, na unaanza hatua ya 1 kama aliyenunua mtaani kwake.

## Ukikabidhiwa TV nyingine

Ijaribu dukani kwa nusu saa, si dakika mbili. Cheza video yenye rangi moja moja kutoka kwenye flashi: nyeupe yote, nyeusi yote, nyekundu, kijani, buluu. Kwenye nyeupe utaona madoa na vitone vyeusi, kwenye nyeusi utaona kona zinazovujisha mwanga. Jaribu kila tundu la HDMI, USB, spika zote mbili, rimoti na intaneti kwa kuwasha data ya simu yako.

Kisha hakikisha kadi mpya ya waranti ina serial namba ya TV hii, siyo ya ile ya zamani, na nyuma ya risiti ya kwanza muuzaji aandike: "Imebadilishwa tarehe (……), serial namba mpya (……)", sahihi na muhuri. Piga picha kabla hujaipakia kwenye gari.